Diski ya mzee inagonga tik tik kwenye TV ya mama, na boksi la kaka naogopa kulisema

Shikamoo Shangazi,

Naandika kutoka Pasua, Moshi mjini. Kwetu ni Kibosho, tumezaliwa wanne na mimi ndiye kitindamimba. Baba alitutoka mwaka 2021. Mama ana miaka 74, yuko nyumbani na mjukuu wake wa darasa la sita.

Video zote za familia ninazo mimi, kwenye diski moja ya nje ya TB 1 niliyoinunua mwaka 2016. Hadi sasa zimefika GB 640. Kuna kipaimara cha kaka, sendofu ya dada ya mwaka 2009, jubilei ya miaka 40 ya ndoa ya wazazi tuliyoifanya 2014, ubatizo wa watoto, na mazishi ya baba. Kwenye jubilei baba anaongea karibu dakika ishirini, nusu Kiswahili nusu Kikibosho, anamtania mama mpaka watu wanashika mbavu. Sauti yake ndefu iliyobaki ni hiyo tu.

Mama ameomba aione. TV yake ni flati ya inchi 32 ya mwaka 2013, siyo smati. Nyuma ina matundu mawili ya HDMI, king'amuzi kimechukua moja, na ubavuni kuna tundu moja la USB. Nilipochomeka diski hapo ilianza kugonga, tik, tik, tik, taa yake inawaka na kuzima, halafu TV ikaandika hakuna kifaa. Nimejaribu mara nne au tano. Siku moja ilisoma, nikabonyeza jubilei, picha ikatoka bila sauti, na baada ya dakika mbili ikaanza kugonga tena.

Nikalisema kwenye grupu la familia, na hapo kila mtu akaja na lake. Kaka mkubwa, anayekaa Sakina kule Arusha, alinunua TV boksi la Android kwa jamaa yake na kulileta mwenyewe. Kwenye katoni yake pameandikwa 8K, RAM GB 8. Tulilifunga Jumapili baada ya misa. Linawaka vizuri, lakini diski ikichomekwa linazima na kuwaka upya. Nikahamishia video chache kwenye flashi. Sendofu, ambayo imekopiwa kutoka DVD na ina vipande vinavyoitwa VTS_01_1, VTS_01_2, inacheza dakika ishirini na kitu kisha inasimama. Jubilei, ambayo mpiga video alinipa kama ilivyotoka kwenye kamera na mafaili yake yanaishia na MTS, ina picha lakini haina sauti. Mazishi aliyopiga dada kwa iPhone yanakwenda kwa kukwamakwama na rangi zimepauka. Na kuna faili la misa ya jubilei lililohaririwa, MP4 ya GB 9, ambalo flashi ilikataa kulipokea. Laptopu ilisema faili ni kubwa mno wakati flashi ni ya GB 32 na ilikuwa tupu.

Kaka anasema boksi ni zima, TV ndiyo imezeeka. Kaka wa pili, yuko Dar, anataka tuchange tununue smati TV. Dada yuko Ujerumani, anasema nipandishe kila kitu mtandaoni ili tuachane na mambo ya diski. Rafiki yangu mwenye duka Double Road anasema boksi la kaka ni takataka, ninunue kale kadogo kama flashi kanakochomekwa kwenye HDMI. Mimi kwenye kikoba nina 180,000 tu.

Desemba wote tunapanda nyumbani. Nataka mama awe ameshaketi akatazame kabla hawajafika. Lakini naogopa kumwambia kaka kwamba boksi lake ni bovu. Tangu baba aondoke amekuwa na hasira za karibu, na hili alilinunua kwa moyo. Shangazi, ninunue kipi, na kaka nimwambieje?

Kitindamimba, Pasua

*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa mzee.

Nieleze nilivyokuelewa. Mama anataka kumsikia baba. Una TV ambayo haiisomi diski, boksi ambalo linazima, ndugu watatu wenye majibu matatu, rafiki mwenye la nne, na pesa isiyotosha yote. Umeshaamini kwamba boksi la kaka ni bovu, na unachotafuta ni namna ya kulitamka. Hapo ndipo nataka tutulie kwanza, kwa sababu katika yote uliyoandika sijaona bado ushahidi kwamba boksi ni bovu. Inawezekana ni duni, ndiyo. Bovu ni jambo jingine.

Tuanze na ule mlio. Ndani ya diski yako kuna sahani inayozungushwa na mota. Ili ianze kuzunguka, mota inahitaji umeme unaokaribia ampia 1 kwa sekunde chache. Tundu la USB 2.0 la TV ya umri huo limewekwa kutoa nusu ampia, yaani mA 500. Mota inajaribu, umeme unapungua, kichwa cha kusomea kinarudi pembeni, inajaribu tena. Tik. Ile siku moja iliyokubali ilipenya kwa bahati, na ilipoanza kusoma faili kubwa ikachoka. Boksi nalo, kama ni la kawaida, linaendeshwa na adapta ya volti 5 na ampia 2, na katika hizo lijilishe lenyewe na lilishe diski. Diski ikivuta kwa nguvu, volti inashuka, boksi linazimika na kujiwasha upya. Kwa hiyo TV na boksi vinaweza kuwa vinalalamikia kitu kimoja, njaa ya umeme, na kaka na rafiki yako wote wawili wakawa wamesingizia kisicho na kosa.

Sasa nitasema jambo litakalokushtua kidogo. Mlio huohuo ndio ambao diski inayokufa huutoa, na yako ina umri tangu 2016. Kabla ya kununua chochote, ichomeke kwenye laptopu, kwenye tundu la USB lenye rangi ya buluu ndani kama lipo, kwa waya wake mfupi uliokuja nao. Weka sikio. Ikizunguka kimya na folda zikafunguka, tatizo lilikuwa umeme. Weka pia programu ya bure ya CrystalDiskInfo: ikiandika Good una nafasi, ikiandika Caution una haraka. Lakini ikigonga hata kwenye laptopu, ichomoe na usiiwashe tena kwa majaribio. Kila kugonga kunaweza kumkwaruza mzee. Hapo inatafutiwa fundi anayeokoa data, na usimruhusu mtu "aiformati kwanza tuone".

Neno hilo la kuformati nalisema kwa sababu nyingine pia. TV na ving'amuzi vyenye uwezo wa kurekodi, vikichomekewa diski visivyoielewa, huuliza kama viiandae upya. Ukibonyeza OK vinaifuta. Fikiria rimoti mkononi mwa mtoto wa darasa la sita anayetaka katuni. Umeniuliza ununue mashine gani, nami natazama GB 640 ambazo hazina nakala popote duniani, zikisafirishwa kwenye mkoba kwenda na kurudi Kibosho na kuchomekwa kila tundu linalopatikana. Sikulaumu. Kila familia ina mtoto mmoja anayetunza, na kazi hiyo haina mshahara wala mafunzo. Ila kama kikoba kingekuwa changu, swali la kwanza ningejiuliza ni kama nusu yake isiende kwenye diski ya pili.

Kukopi kwenyewe si kazi ngumu, ni ya subira. Kwa USB 2.0 utapata kama MB 30 kwa sekunde, kwa hiyo GB 640 ni saa sita hivi. Kwa USB 3.0 pande zote mbili, diski za namna hii hufika MB 100 kwa sekunde, na utamaliza kwa saa mbili. Betri ya laptopu iwe imejaa kabla hujaanza, maana umeme ukikatika katikati faili lililokuwa njiani huharibika. Kopi folda mojamoja, na mwisho linganisha idadi ya mafaili na ukubwa wa jumla pande zote mbili. Usiburute kila kitu kwa mkupuo ukaenda sokoni. Ukimaliza, ya zamani inakaa kabatini Pasua na haiendi tena karibu na TV. Na wazo la dada? Kwa intaneti inayopandisha Mb 5 kwa sekunde (hizo ni megabiti, nane ndiyo MB moja), GB 640 zingechukua karibu siku 12, usiku na mchana bila kukatika. Lakini ndani ya wazo lake kuna hekima: anataka nakala iwe mbali na nyumba. Akija Desemba anaweza kurudi nayo ndani ya sanduku. Kwa mtandao unaweza kumpandishia ile jubilei peke yake.

Tuje kwenye video zenyewe. Nadhani umezihesabu kama tatizo moja wakati ni manne, na kila moja lina dawa yake.

Sauti ya jubilei kwanza, kwa kuwa ndiyo roho ya barua yako. Mafaili ya MTS kutoka kamera za namna hiyo hubeba picha ya H.264, ambayo karibu kila mashine inaijua, lakini sauti yake mara nyingi ni ya Dolby, inayoitwa AC-3. TV nyingi za bei nafuu hazina kifunguzi chake kwenye USB. Boksi nalo linaweza kuwa limewekwa lipitishe sauti hiyo mbichi kuelekea TV, TV haiijui, kimya. Kwenye boksi la kaka fungua mipangilio, sehemu ya sauti, na popote palipoandikwa RAW, SPDIF, Passthrough au Auto, weka PCM. Kisha weka programu ya VLC au ile iitwayo Kodi, zote za bure, ucheze faili kwa hiyo badala ya kicheza video kilichokuja na boksi. Hizo hufungua AC-3 zenyewe bila kuuliza TV. Kuna uwezekano mkubwa mzee ataongea palepale.

Sendofu haina ugonjwa wowote. DVD hukata video vipande visivyozidi GB 1, na GB 1 ya DVD ni kama dakika ishirini. Kinachosimama ni kipande kilichokwisha, na cha pili kinasubiri kubonyezwa.

Lile faili la GB 9 limekataliwa na mpangilio wa flashi, unaoitwa FAT32. Hauwezi kushika faili moja linalozidi GB 4, hata flashi ingekuwa na nafasi ya kulaza ng'ombe. Ukiiformati flashi kuwa exFAT itapokea. Ila TV nyingi za 2013 haziisomi exFAT. NTFS baadhi huisoma. Ni kujaribu, kwa flashi, si kwa diski.

Iliyobaki ni iPhone, na hapa ndipo boksi la kaka huenda likaonekana udhaifu wake. Tangu 2017 iPhone hurekodi kwa HEVC, mfumo mpya zaidi unaobana faili lakini unaodai kazi kubwa wakati wa kufungua. Mashine yenye chipu ya kuufungua hucheza kama maji. Isiyo nayo hutumia nguvu ya kawaida ya kompyuta yake, ikashindwa, ukaona picha za mnato. Rangi kupauka huenda ni kwa sababu iPhone 12 ya 2020 na nyingi zilizoifuata hurekodi rangi pana za HDR, na TV ya mama haijui kuzirudisha kwenye hali ya kawaida. Maandishi ya 8K na GB 8 kwenye katoni usiyachukulie kama ahadi. Maboksi mengi ya bei ya chini huandikwa chochote, na hata ukurasa wa Kuhusu ndani ya mipangilio unaweza kupangwa udanganye.

Sasa njia zilizo mbele yako. Ziko kadhaa na hakuna isiyo na mwiba.

Ya kwanza haihitaji mashine yoyote. Badala ya kutafuta kicheza video kinachomudu mafaili yote, unabadilisha mafaili yafanane na kile TV ya mama inachokijua: MP4, picha ya H.264, sauti ya AAC. Programu ya HandBrake ni ya bure. Fungua folda ya sendofu nzima ndani yake, chagua mpangilio ulioandikwa Fast 576p25, na vipande vyote vitatoka faili moja. Kwa jubilei na za iPhone chagua Fast 1080p30. Angalia kwenye Filters kwamba Deinterlace haijazimwa, la sivyo mtu akipunga mkono utaona kingo zake zimechanika kama meno ya kitana. Laptopu ya kawaida inaweza kuchukua saa moja au mbili kwa kila saa ya video, basi acha ifanye usiku. Video ya kiwango kizuri, Mb 8 kwa sekunde, inakula GB 3.6 kwa saa, kwa hiyo flashi ya GB 64 inabeba saa kama 17. Flashi haina mota, TV itailisha bila shida. Kasoro yake ni kwamba kicheza video cha TV ya zamani ni cha kimaskini: mara nyingi hakikumbuki ulipoishia, na herufi zake ni ndogo kwa macho ya miaka 74. Tena utahitaji kukata misa ya GB 9 ishuke chini ya 4. Na ukibadilisha faili ubora unashuka kidogo, kwa hiyo zile za asili zisifutwe kamwe.

Ya pili ni kubaki na boksi la kaka na kulitibu. Adapta yake ichomekwe ukutani, kamwe si kwenye USB ya TV. Diski, ile nakala mpya, ipitie kwenye hab ya USB, kile kisanduku kinachogawa tundu moja kuwa mengi, yenye adapta yake yenyewe, kitu ambacho ni rahisi kuliko TV. Mipangilio ya picha iwe 1080p kwa Hz 50, kwa sababu kamera za mpiga video wa kwetu hurekodi picha 25 kwa sekunde na boksi likitoa Hz 60 utaona mruko mdogo kamera inapozunguka ukumbini. Zile chache za iPhone zibadilishe kwa HandBrake na umemaliza. Hatari ya maboksi haya iko kwingine. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu maboksi ya Android yasiyo na jina linaloaminika, mengine yakiwa yameambukizwa kabla hayajatoka dukani, yanayotumia intaneti ya mwenye nyumba kupitishia mambo ya wahalifu. Sijui lolote kuhusu la kaka, wala simshuku jamaa yake. Lakini kama kazi yake ni kucheza diski tu, halihitaji intaneti kabisa. VLC utaipakua kwenye simu kutoka tovuti yake halisi na kuihamisha kwa flashi. Usiingize akaunti yako ya Google humo, na ukishamaliza kuweka usiliunganishe na hotspoti. Bila mtandao halina wa kumpelekea habari.

Anachokisema rafiki yako wa Double Road kina ukweli nusu. Vile vidogo vya kuchomeka kwenye HDMI vyenye Google TV halisi vina chipu nzuri, vinafungua HEVC, na vinapata masasisho. Lakini vimetengenezwa kwa watu wa intaneti. Kimoja kinachojulikana sana, Chromecast with Google TV ya 2020, kina tundu moja tu nalo ni la umeme. Diski utaichomeka wapi? Unahitaji hab maalumu inayopitisha umeme na data pamoja. Kukiwasha mara ya kwanza kunataka intaneti na akaunti, na wewe hukuniambia mtandao wa Kibosho ukoje ndani ya migomba. Ukiamua kununua kipya cha aina yoyote, nenda dukani na flashi yenye mafaili matatu ya dakika moja moja: MTS ya jubilei, MOV ya iPhone, na VOB ya sendofu, yaani vile vipande vya VTS. Yachezwe mbele yako, usikie sauti, ndipo mkono uende mfukoni. Muuzaji anayekataa amekurahisishia safari.

Smati TV ya kaka wa Dar sitaisema sana. Ni njia ya starehe kama pesa ipo, lakini USB yake nayo ina mipaka ya umeme na ya mafaili, na baadhi ya mpya zimeondoa aina fulani za sauti ambazo za zamani zilikuwa nazo. Mnaweza kununua na kukuta kimya kilekile, safari hii kwenye inchi 50.

Kuhusu kaka. Ulitaka maneno ya kumwambia kwamba boksi ni bovu. Je, ukimpigia ukamwambia, "Kaka, shikamoo, nimegundua diski ndiyo ilikuwa inakosa umeme, boksi lako lilikuwa linaonewa, nikitafuta hab yenye adapta utanisaidia kuifunga?" Hiyo ni kweli tupu, kama majaribio ya laptopu yataonyesha hivyo. Inawezekana pia baada ya kulitibu lisimame tena. Hapo mazungumzo yatakuwa mengine, lakini mtakuwa mmelijaribu pamoja, na yeye atakuwa ameona kwa macho. Hasira za karibu za mtoto wa kwanza aliyempoteza baba wewe unazijua kuliko mimi. Wakati mwingine mtu kama huyo analinda zaidi nafasi yake ya kuwa wa msaada kuliko kifaa chenyewe. Lakini ninaweza kuwa nakosea, sijamwona.

Na mama je? Umeniandikia kwamba ameomba "aione". Aione ipi? Ninyi wanne mnapanga GB 640, naye huenda anataka dakika ishirini. Mkae naye mchana mmoja, muulize anataka kumuona nani na lini, peke yake au na watu. Jibu lake linaweza kupunguza ununuzi wote huu ukawa flashi moja, au likauongeza. Muangalie pia anavyoshika rimoti. Zile za boksi zina vitufe vingi vidogo. Watu hufunika kwa plasta vile visivyohitajika, vikabaki vya kuwasha, juu, chini, OK na sauti. Kwenye rimoti ya TV, kile kitufe cha kubadilisha chanzo kitie alama kwa rangi ya kucha nyekundu, maana hapo ndipo wengi hupotelea: wanaacha HDMI 1 ya king'amuzi, hawajui kurudi HDMI 2.

Majina ya mafaili yaanze na namba za tarakimu mbili, 01, 02, 03. Ukiandika 1, 2, 3, mashine nyingi huweka 10 kabla ya 2. Jubilei iwe 01. Na jambo dogo ambalo nisingependa likupite: TV na maboksi mengi, video ikiisha, huanza yenyewe inayofuata kwenye folda hiyohiyo. Mama anaweza kuwa bado anacheka na maneno ya baba, na bila kubonyeza chochote skrini ikageuka kuwa jeneza linashushwa kwenye gari. Mazishi yaweke kwenye folda yake peke yake, nje ya hiyo nyingine, na mwambie mjukuu iko wapi, ili ifunguliwe siku bibi atakayoiuliza mwenyewe.